Araf

Kabla ya kona ya shule, katikati ya lami,
wameandika kwa rangi nyeupe, herufi ndefu kuliko mimi:
ARAF.
La Kiingereza chini yake lilikwisha kuliwa na magurudumu.
Nikasimama na begi langu, mvua ikiniingia shingoni,
nikakumbuka chuoni kwa Maalim Shekue:
ule ukuta baina ya watu wa peponi na watu wa motoni,
na walio juu yake, wanawajua wote kwa alama zao,
bado hawajaingia, nao wanatumai.
Nikasema, kumbe hapa wanajua nakuja.

Ni "polepole", alinieleza baadaye dereva wa basi.
Polepole tu. Kuna watoto.

Mimi sikuja bubu.
Kiingereza nimekinunua, risiti ninazo:
miaka mitatu ya masomo ya jioni pale Ngamiani,
mtihani wa kusikiliza, mtihani wa kusema,
na cherehani ya marehemu mama, iliyokwenda kwa bei ya kutupa
siku moja kabla ya mwisho wa kulipa ada.
Nikafaulu. Nikapanda ndege na lugha yangu mpya
kama mtu aliyevaa viatu vya sikukuu,
nikaja kushukia Blaenau, milimani, Welisi,
penye vichuguu vya vigae vya kijivu vilivyovunjika,
ambako watu wanavua viatu mlangoni.

Dukani kwa Eirlys nikiingia mazungumzo yanakatika,
kisha yanahamia Kiingereza, kwa adabu,
kama watu wanaojisogeza kwenye benchi nipate pa kukaa.
Wao wanasogea. Kicheko kinabaki kule kule.

Chumba namba sita yuko Bi Gwenllian, miaka tisini na mmoja.
Kiingereza chake, kilichoingia mwisho, kimetoka mwanzo.
Daktari akisema naye, humtazama kama redio isiyoshika stesheni.
Zamu ya usiku tunabaki wawili:
yeye na Kiwelisi chake cha zizini,
mimi na maneno thelathini niliyookota kwa wapishi,
chai, maziwa, mguu, baridi, choo.
Nikichoka kutafuta, nasema kwetu:
Haya bibi, inua mkono. Haya, huo mwingine.
Anainua.
Haya, tumemaliza.
Namfunika, natoka kukaa kwenye korido,
najiuliza changu kitatoka kipi kwanza,
na siku nitakapobakiwa na kile cha mama pekee,
nikiomba maji saa nane za usiku,
ni mtoto wa nani atakayejua kuwa nimeomba maji.

Jumapili alikuja bintiye kutoka Bristol,
koti la bei, maua, macho mekundu.
Hakufunzwa. Mama alichelea asije akachekwa shuleni.
Bibi akaonyesha dirisha, akasema, akarudia.
Binti akanigeukia mimi,
mimi wa Ngamiani:
"Anasema nini?"

"Cau'r drws. Anasema mlango ufungwe.
Kila usiku ni hivyo. Anaogopa ng'ombe watatoka."
"Walikuwa wa babu," akasema. "Waliuzwa kabla sijazaliwa."
Nikainuka, nikafunga mlango wa kabati,
ndio uliokuwa karibu.
Bibi akashusha pumzi, akajilaza.
"Haya," akasema.

Binti alikwisha toa kijidaftari.
"Na hilo?"
Nikatazama mashuka. Nikatazama maua.
Nikaona haya.
"Hilo ni kama kusema sawa. Yamekwisha."
"Linaandikwaje?"
Nikamtajia herufi, moja moja,
naye akaandika, chini ya mlango.